Mfiwi wa Mama Zelpha

Ardith Tackett alikuwa na dharau ya kutosha wilaya nzima, na ikabaki ya kwenda nayo kanisani Jumapili. Aliwadharau waliohamia Pruitt Fork kutoka mijini kwa sababu walilipa watu wa kuwakatia majani. Aliwadharau wazawa kwa sababu walianza kuwaiga wahamiaji. Aliwadharau wanaotia sukari kwenye mkate wa mahindi, na mchungaji mpya aliyehubiri kwa kusoma karatasi. Alipika chakula cha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na ukimuuliza katika watoto wote aliowalisha ni wangapi waliojua kushika kijiko, alikujibu bila kufikiri: "Wawili. Na mmoja amekufa."

Mumewe, Delmer, alikufa kwa vumbi la makaa ya mawe. Watu walisema angalau vumbi halikumjibu kwa kelele. Walisema hivyo kwa sauti ya chini, maana Ardith alisikia vizuri kuliko alivyotaka watu wajue.

Ila alikuwa na kitu kimoja ambacho hata wao hawakuweza kukibeza. Kila mwaka kuanzia Julai, baraza la mbele la nyumba yake lilipotea ndani ya mfiwi, mmea wa jamii ya maharage unaotambaa. Mashina yalipanda kwenye kamba za katani kutoka ardhini hadi kwenye paa, majani yakafunga kama pazia, maua ya zambarau yakatoka kwa vishada, na mwezi wa Agosti yakaja maganda. Maganda ya fiwi za watu wengine ni ya zambarau. Ya Ardith yalikuwa karibu meusi, yaking'aa kama viatu vya harusi. Watu wa milima hii ya Kentucky wanakula maharage mchana na usiku, lakini fiwi hawaigusi kwa kijiko, wanaiotesha waitazame. Ardith alikaa nyuma ya pazia lile na glasi yake ya chai baridi, akiwaona wapita njia nao wasimwone, na hapo ndipo alipokuwa karibu kabisa na kuitwa mtu mwenye furaha.

Mbegu zilikuwa za mama yake, Mama Zelpha, aliyezipata kwa mama yake. Hazikuwahi kununuliwa. Dukani zipo za pakiti, na Bi Whitlow, mwenyekiti wa Chama cha Bustani, alizipanda mwaka mmoja akamwalika Ardith aje kuziona. Ardith alikwenda, akatazama, akasema zina rangi ya ulimi wa mgonjwa, akarudi kwake. Hata hivyo Bi Whitlow aliendelea kumweka kwenye orodha ya Siku ya Bustani, ile Jumamosi ya mwisho ya Agosti ambapo watu wenye kofia za mkeka wanazunguka kwenye viwanja vya wenzao na kusema "Jamani!" kila wanapoona ua. Ardith aliwaita kundi la bata mzinga. Lakini hakukosa hata mwaka mmoja.

Mtu aliyemdharau kuliko wote alikuwa wifi yake, Opal, mjane wa kaka yake Hobart.

Opal alitoka Indiana, nchi tambarare, ambako Hobart alikwenda kutafuta kazi ya kiwandani akarudi na mke. Hilo lingesameheka. Opal alikuja na bata bukini wa saruji wa kuweka barazani, na bata huyo alikuwa na nguo. Mvua ikinyesha alivishwa koti la mvua. Krismasi alivishwa kofia nyekundu. Siku ya Uhuru wa nchi alivaa bendera. Miaka thelathini na nne Ardith alipita mbele ya bata yule akigeuza uso, kama mtu anayepita mbele ya baa akiwa na Biblia.

Halafu kulikuwa na ile habari ya asante. Kwetu milimani ukipewa mbegu au mche hushukuru. Unapokea, unatazama pembeni, unazungumzia mvua, unaondoka. Ukisema asante mmea unakufa, na hilo analijua hata mtoto anayenyonya. Opal hakulijua. Mwaka wake wa kwanza, Mama Zelpha alimtilia mkononi fiwi kiganja kizima, na Opal akang'aa uso wote akasema, "Asante sana, mama!" mbele ya familia nzima. Mama Zelpha alifumba macho. "Basi umeziua, mwanangu," alisema, akaingia ndani kuosha vyombo.

Hazikufa. Opal alizipanda kando ya banda la mbwa wa Hobart, zikapanda waya hadi juu, na kila mwaka zikapanda tena. Ardith alisema zimeota kwa ukaidi tu, na kwamba zingeota vizuri zaidi kama Opal angefunga mdomo. Aliisimulia habari ile kwenye kila harusi na kila msiba, pamoja na msiba wa Hobart mwenyewe, wakati Opal amekaa viti viwili kutoka pale alipo.

Sasa sikiliza alivyojiponza. Milimani maharage hupandwa Ijumaa Kuu, hali ya hewa iseme itakavyo. Mama Zelpha alipanda Ijumaa Kuu, na Ardith alipanda Ijumaa Kuu. Lakini Ijumaa Kuu haina adabu, inahama, na mwaka huo iliangukia Machi, udongo ukiwa bado wa baridi kama sakafu ya bucha. Tena vuli iliyotangulia theluji iliwahi, akapata mbegu chache tu zilizokomaa, arobaini na kitu, kwenye kopo la hamira. Opal alipita na gari lake siku hiyo, akamwona amepiga magoti na kopo wazi.

"Wifi!" aliita kwa dirishani. "Baridi ya beri bado haijapita! Weka japo nusu akiba!"

Baridi ya beri ni ile ya mwisho, inayokuja miiba ya beri inapochanua, na kila mtu anaijua.

"Nani amekuuliza?" alisema Ardith.

"Hakuna aliyeniuliza. Nasema tu."

"Basi kamwambie bata wako. Huyo ana muda wa kukusikiliza."

Akazipanda zote. Baridi ya beri ikaja, ikaja tena, ikaleta na barafu. Mwishoni mwa Aprili alifukua kwa kijiko akakuta mbegu zimekuwa uji. Alifukua mstari mzima, kutoka ngazi hadi pembe ya nyumba, akisema kila aliposhika uji, "Hapana. Hapana." Fiwi za mama yake, zilizopita mikono ya wanawake watatu, zilikuwa zimeishia kwake.

Angeweza kununua pakiti. Alikwenda dukani, akaishika, akasoma nyuma, akairudisha kama aliyekamatwa akiiba. Siku tisa alikaa barazani penye kamba tupu, wapita njia wakimwona mzima mzima, hata soksi zake. Siku ya kumi aliosha bakuli la kioo lililokuwa kabatini kwake tangu msiba wa Hobart miaka mitano nyuma, bakuli la Opal, akalichukua liwe kisingizio cha kwenda kwake. Kwetu bakuli la mtu halirudishwi tupu, unatia hata biskuti mbili. Ardith alilirudisha tupu.

Bata wa saruji siku hiyo alikuwa amevaa aproni ya maua.

"Nimekuletea bakuli lako," alisema Ardith.

Opal alilitazama, akalitazama na ndani. "Eh. Nilidhani limeshakuwa urithi. Karibu ukae, wifi."

"Sikai."

"Basi simama."

Mbwa walibweka bandani. Ardith alitazama waya wa banda, ambao bado ulikuwa na mashina makavu ya mwaka jana na maganda matatu manne matupu yaliyosahauliwa. Yalikuwa meusi yale yale.

"Una mbegu?" aliuliza.

"Mbegu za nini?"

"Usijifanye, Opal. Za mama."

"Aaa. Zile nilizoziua?"

Opal aliingia ndani, akarudi na soksi ya mwanaume iliyofungwa fundo, soksi ya Hobart, akaitikisa ikasikika kokoto ndani yake. Alizimwaga zote kiganjani. Zilikuwa nyeusi, kila moja na mstari wake mweupe ubavuni.

"Kumi na tatu," alisema Opal. "Nyingine nimeshazipanda zangu. Nilingoja beri ipite, mimi mtu wa Indiana nisiyejua kitu. Chukua. Ila kwanza utasema asante."

"Umechanganyikiwa?"

"Asante. Neno dogo. Hata kasuku analiweza."

"Hazitaota!"

"Zangu zimeota mara thelathini na nne."

"Zako zimeota kwa ukaidi."

"Basi na zako zitaota kwa ukaidi, wifi yangu, maana unao wa kumwaga." Opal hakuwa anacheka tena. "Umewafanya watu wanicheke miaka yote hiyo. Umewafanya wanicheke mume wangu akiwa kwenye sanduku. Sitaki uombe msamaha, naona utapasuka. Sema asante tu, mara moja, kama unavyomwambia mtu anayekupa kitu."

Ardith alitaka kuondoka. Miguu ilishageuka. Lakini aliona kamba zake tupu, na Bi Whitlow na kofia yake, na zaidi ya hao aliona uji wa mbegu kwenye kijiko.

"Asante," alisema, macho yakiwa kwa bata.

"Unamwambia nani? Mimi au yeye?"

"Asante, Opal!" Lilitoka kama jino. Alinyakua mbegu akashuka ngazi, na huko nyuma akamsikia wifi yake akisema kwa mshangao kamili, "Kumbe anaweza."

Alizipanda jioni ile ile bila matumaini yoyote. Alizichunga kwa hasira. Asubuhi alitoka kabla ya kahawa kutazama udongo usio na kitu, na kila alipoukuta hauna kitu alipata namna ya faraja, maana ilimaanisha mama yake alijua alichokuwa akisema, na yeye Ardith alikuwa amesema kweli kwenye harusi zote na misiba yote.

Siku ya nane, Jumapili, alirudi kanisani akazikuta. Zilikuwa kumi na tatu, zote, zimetoka zimepinda shingo, shina la zambarau, majani mawili mawili bado yamekunjana. Hata moja haikukosa.

Mtu mwingine angefurahi. Ndicho alichokitaka, si ndiyo? Fiwi za mama yake zimerudi, zinapumua mbele ya ngazi. Ardith alisimama na mkoba wake wa kanisani mkononi akazitazama kama barua ya matusi. Kama hizi zimeota, basi hakuna neno lolote lililowahi kuua mbegu yoyote. Basi Mama Zelpha alimwaibisha bibi harusi mgeni bure, na yeye akaiendeleza aibu hiyo miaka thelathini na nne, bure, na yule mwanamke wa bata ndiye aliyekuwa sahihi. Na angepita. Angepita na gari lake akaita kwa dirishani, "Wifi! Naona zimeota!"

Akachuchumaa, na gauni lake la Jumapili, akazing'oa. Moja moja, kwa kidole gumba na cha shahada, kumi na tatu. Alizitia kwenye mkoba pamoja na kitabu cha nyimbo, akaingia ndani, akazichoma kwenye jiko. Kuna watu wakipewa nafasi ya kuchagua kati ya kupata wanachokitaka na kuonekana sahihi, watachoma nyumba wakiwa ndani yake, na huyu alikuwa mmoja wao.

Kisha akapiga simu.

"Hazijaota," alisema. "Hata moja. Umeridhika?"

Upande wa pili mbwa walisikika kwa mbali. "Zote?" Opal aliuliza.

"Nilikuambia. Mama alikuambia. Ukanilazimisha." Akakata simu, akala maharage na mkate wa mahindi, akalala mchana usingizi mzuri sana.

Wiki iliyofuata Bi Whitlow alikuja na daftari lake, akaziona kamba tupu, akashika kifua. "Bi Ardith! Jamani! Mfiwi?"

"Muulize Opal," alisema Ardith. "Muulize alichonitamkisha."

Hakuhitaji kusema zaidi. Kufikia ibada ya Jumatano kanisa zima lilijua kwamba mke wa Hobart, yule wa Indiana, alimlazimisha Ardith kushukuru na mbegu za Mama Zelpha zimekufa zote. Wanawake walinyamaza Opal alipoingia. Mmoja aliweka mkoba wake kwenye kiti kitupu ili asikae. Watu wazima hao, wenye meno ya bandia na leseni za kuendesha gari. Ardith alikaa mbele akaimba kwa sauti kuliko kawaida.

Alhamisi asubuhi gari la Opal lilisimama mbele ya nyumba. Nyuma palikuwa na mabeseni mawili ya bati ya kufulia, yamejaa udongo, na juu ya udongo miche ya fiwi, mirefu ya kufika gotini, kila mmoja umefungwa kwenye kijiti chake kwa utepe. Tepe zile Ardith alizijua, zilikuwa za nguo za bata. Opal alikuwa na matope mpaka kwenye viwiko na macho yamevimba.

"Nimeng'oa yote," alisema. "Bandani hakuna kitu. Na mbegu sina, nilizobakiza ni zile nilizokupa. Ukimwagilia asubuhi na jioni zitashika, nimetoa na udongo wake. Agosti zitakuwa zimefika juu."

Ardith alibaki na kikombe cha kahawa mkononi.

"Nilidhani ni upuuzi," Opal aliendelea, akishusha beseni la kwanza kwa kulivuta. "Hobart aliniambia tangu siku ile, Opal, hilo neno usilitumie ovyo huku kwetu. Nikamcheka. Zikaota, nikaona nimewashinda nyote. Sasa usiku silali, wifi, nahesabu. Nimesema asante kwa vitu vingi. Daktari alipotoka akaniambia mapafu ya Hobart yanaendelea vizuri, nilimwambiaje? Nilimshika mikono yote miwili. Nilisema asante, asante daktari, kama mara kumi. Mwezi uliofuata tukamzika."

"Opal," alisema Ardith. "Hiyo ni ya mimea tu."

"Nani anajua ni ya nini? Mama yako alijua, na hayupo." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono, ikabaki na matope. Alivuta beseni la pili, akaliweka sawa chini ya kamba, akaanza kupanda mwenyewe, amepiga magoti pale pale Ardith alipochuchumaa Jumapili na gauni lake. Mikono yake ilikwenda haraka na vizuri. Alijua kazi, hilo Ardith aliliona sasa kwa mara ya kwanza, na lilimkera.

Aliweka kikombe chini. Maneno yalikuwepo, yamepangana kabisa: zimeota, Opal, zote kumi na tatu, nimeziua mimi kwa mkono wangu. Alishuka ngazi moja. Alishuka ya pili. Alifungua mdomo.

Opal aliruka kutoka chini kama aliyeona nyoka, akamziba mdomo kwa kiganja chake chote, na matope yake.

"Nyamaza!" alisema, machozi yakimtiririka. "Wee, nyamaza! Najua unachotaka kusema, naona machoni mwako. Usiseme, wifi. Utaziua na hizi."

Mkono ulikuwa wa moto na ulinuka mbwa. Ardith angeweza kuuondoa, alikuwa na nguvu kuliko Opal, alibeba masufuria ya shule miaka thelathini na mmoja. Alisimama tu, akipumulia puani, na akaitikia kwa kichwa. Kisha akatazama pembeni, na Opal alipomwachilia, Ardith akasema inaonekana mvua itanyesha.